Paka akikataa dawa ya macho: Linda jicho lake na mkono wako

Mwezi uliopita mama mmoja mkazi wa mtaa wa Buruburu, Nairobi, aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa ameushikilia mkono wake wa kulia kifuani. Mkono huo ulikuwa umevimba kuanzia kidole gumba hadi kwenye kifundo, ngozi imevutika hadi ikang'aa, na hata kalamu alishindwa kuishika. Nilipomuuliza kilichompata alisita kidogo, kisha akasema kwa aibu, "Daktari, ni paka. Nilikuwa namtia dawa ya macho."

Alikuwa ameumwa jioni iliyotangulia. Palikuwa na matundu mawili madogo ambayo ungedhani yametobolewa kwa sindano ya kushonea. Aliyapaka mafuta ya kujipaka, akaendelea na mapishi, kisha akalala. Usiku wa manane maumivu yalimwamsha, na kulipokucha vidole havikuweza kukunjika. Ilibidi alazwe kwa siku tatu.

Wakazi wengi wa mijini hufuga paka, wengine kwa ajili ya panya, wengine kwa sababu watoto wanampenda. Wanyama hawa huugua macho mara kwa mara, na daktari wa mifugo akishawapima hutoa chupa ndogo yenye agizo fupi: tone moja, mara nne kwa siku. Agizo hilo ni rahisi kulisoma. Kazi huanza ukifika nyumbani.

Mimi ni daktari wa watu, si wa wanyama. Hata hivyo nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mkono wa mama huyo. Ya pili ni aibu yangu mwenyewe: paka wetu nyumbani ni chongo, na mwenye makosa ni mimi.

Kosa langu

Paka wetu ni mweusi tititi, na binti yangu alimpa jina la Kaniki. Siku moja alirudi kutoka matembezini akiwa amefumba jicho la kulia huku machozi yakimtiririka. Nilidhani ni maradhi ya kawaida. Kabatini kulikuwa na dawa ya macho iliyobaki baada ya mimi mwenyewe kutibiwa mzio, na nikaona hakuna haja ya kwenda mbali.

Kwa siku tatu nyumba iligeuka uwanja wa vita. Mke wangu alishika miguu, binti yangu akashika kichwa, nami nikamkabili Kaniki uso kwa uso, chupa mkononi. Matone mengi yaliishia kwenye zulia. Machache yaliingia, na hayo machache ndiyo yaliyoleta madhara.

Siku ya nne jicho lilikuwa limefunikwa na ukungu wa kijivu. Nilimkimbiza kwa daktari wa mifugo. Daktari huyo alitia jichoni rangi ya manjano, akalimulika kwa taa ya buluu na kuniita nitazame. Katikati ya jicho palikuwa na doa la kijani linalong'aa. "Hapa alichanwa na paka mwenzake," akasema. "Hiki ni kidonda. Ulikuwa unamtia dawa gani?" Nilimpa chupa. Alisoma maandishi, akanitazama, akasema kwa upole, "Daktari, hii ina steroidi."

Nilijua kuwa ina steroidi. Tena nilijua kwamba dawa za aina hiyo huzuia kidonda cha jicho kupona na huwapa viini nafasi ya kula zaidi. Mgonjwa wangu binadamu nisingempa kabla ya kumpima. Lakini kwa paka nilijiambia kwamba ni paka tu. Siku mbili baadaye jicho lilitoboka, na ikabidi liondolewe kwa upasuaji.

Jicho la kushoto nalo lilikuwa limeanza kutoa tongo, na tukapewa dawa ya matone ya kutiwa mara 4 kwa siku kwa siku 14. Nilipiga hesabu: mara 56, kwa paka aliyekuwa akinikimbia hata nikiwa nimebeba kikombe cha chai. Na hilo lilikuwa jicho lake la mwisho. Nikamwomba daktari anionyeshe jinsi ya kutia dawa.

Alichofanya kilichukua sekunde chache. Alimgeuza paka akampa mgongo.

Kwa nini paka hukataa

Sisi husema paka ni mkaidi. Ukweli ni kwamba sisi ndio tunaomtisha. Mnyama huyu ni mwindaji, lakini pia ni mdogo na anaweza kuwindwa. Kitu kinachomjia usoni kwa kasi kwake ni hatari. Tena jicho lenyewe linauma, mikono inambana, na sauti zetu zimepanda. Akishafanyiwa hivyo mara mbili, huikumbuka chupa, huukumbuka mkao wako, na hata mlio wa kabati likifunguliwa.

Hivyo basi, jambo la msingi ni hili: usimkabili paka usoni. Dawa itoke nyuma na juu ya kichwa chake, mahali asipoona. Mengine yote nitakayoyaeleza ni ya kusaidia jambo hilo moja.

Kwanza, ijue dawa

Kabla ya kumshika paka, hakikisha kwamba chupa uliyo nayo ni yake na imetolewa kwa ugonjwa huu wa sasa. Macho mekundu yenye machozi yanaweza kusababishwa na mambo mengi: mafua ya paka, bakteria, mchubuko, majani au vumbi lililoingia, hata shinikizo la ndani ya jicho. Yote hufanana kwa mtu asiye na vifaa vya kupimia.

Aghalabu chanzo ni kirusi cha mafua ya paka kilicho katika jamii ya virusi vya hapesi. Kirusi hiki kikishamwingia hubaki mwilini maisha yake yote na huamka paka anaposumbuka, kwa mfano mnapohama nyumba. Dawa yenye steroidi inaweza kukichochea. Hii ni sababu nyingine ya kutotumia dawa iliyobaki.

Epuka pia dawa za watu za kuondoa wekundu wa macho zinazouzwa bila cheti cha daktari. Baadhi yake zina kemikali zinazoweza kumletea paka sumu akizilamba kutoka kwenye manyoya. Usitie maziwa, mate, asali wala maji ya chumvi uliyokoroga kwa kukisia.

Mpeleke paka kwa daktari siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya dalili hizi: hawezi kufungua jicho kabisa, jicho lina ukungu au limebadilika rangi, mboni moja ni kubwa kuliko nyingine, jicho limetokeza nje, kuna damu, au amegongwa ama amepigana. Jicho linaweza kuharibika kwa siku moja au mbili.

Jitayarishe kabla ya kumwita

Kosa la wengi ni kumkamata paka kwanza, kisha kuanza kutafuta chupa. Fanya kinyume chake. Nawa mikono kwa sabuni. Funga mlango na madirisha, na uzibe nafasi ya chini ya kitanda. Fungua chupa na uiweke karibu. Kama ilikuwa kwenye jokofu, ishike kiganjani kwa dakika chache ili baridi ipungue, na kama agizo linasema itikiswe, itikise sasa, si karibu na masikio yake.

Weka pia pamba, maji yaliyochemshwa yakapoa, taulo kubwa na kitu anachopenda kula. Kwetu ni omena waliochemshwa bila chumvi. Vaa nguo ya mikono mirefu. Zima redio na uwaombe watoto wasubiri chumba kingine.

Ukimaliza matayarisho, usimwite kwa jina lake. Ukimwita kila mara ili umtie dawa, hatakuja tena hata kwa chakula. Mwendee mwenyewe polepole, mchukue akiwa ametulia au anasinzia.

Hatua kwa hatua

Maelezo haya ni ya mtu anayetumia mkono wa kulia. Anayetumia wa kushoto abadilishe.

1. Piga magoti sakafuni, ukalie visigino, magoti yakiwa yameachana kidogo. Mweke paka katikati ya mapaja, mgongo wake ukielekea tumboni kwako na uso wake ukitazama mbele. Paka akitaka kutoroka hurudi nyuma, na nyuma upo wewe. Mbane taratibu kwa mapaja, pasipo kumkalia.

2. Kama jicho lina tongo, lowesha pamba kwa maji yale, uiweke juu ya jicho kwa muda ili tongo lilainike, kisha ufute kuanzia kona ya puani kwenda nje. Kila jicho litumie pamba yake. Dawa ikiangukia tongo haifiki jichoni.

3. Kwa mkono wa kushoto, shika kidevu kutoka chini na uinue kichwa hadi pua ielekee juu kidogo. Usikibane koo. Kwa kidole gumba cha mkono huo, vuta ukope wa chini taratibu.

4. Shika chupa kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Ulete mkono kutoka nyuma ya kichwa, uegemeze ubavu wa kiganja juu ya kichwa cha paka, katikati ya masikio, na uutumie kuvuta ukope wa juu. Kuegemeza huku ndiko siri yenyewe: paka akitikisa kichwa, mkono wako na chupa vitakwenda pamoja naye, na ncha ya chupa haitamchoma jicho.

5. Chupa ikiwa juu ya jicho kwa umbali wa kama sentimita 2, minya tone moja. Ncha isiguse jicho, kope wala manyoya, kwa sababu ikigusa hubeba viini hadi ndani ya chupa. Tone moja linatosha. Jicho halina nafasi ya zaidi, na matone mengine yatamwagika tu.

6. Mwache apepese macho. Usimfikiche. Endelea kumshika kwa sekunde 10 hivi huku ukimkuna chini ya kidevu, kisha mpe omena wake kabla ya kumwachilia. Chakula kitangulie uhuru, ili kumbukumbu ya mwisho iwe ni kitu kitamu.

Mkiwa wawili, mmoja amweke paka juu ya meza iliyotandikwa taulo ili asiteleze, amkumbatie na kuishika miguu ya mbele, naye mwenzake atie dawa akiwa nyuma au ubavuni. Mikono sita, kama tuliyotumia sisi mwanzoni, ni mingi mno.

Kama ni malai badala ya matone, vuta ukope wa chini na uweke malai yenye urefu wa punje ya mchele, kisha uache ukope ufunge. Kama umepewa dawa mbili za matone, ziachanishe kwa angalau dakika 5, la sivyo ya pili itaisafisha ya kwanza. Matone hutangulia, malai hufuata.

Akizidi kukataa

Kuna paka ambao hata hivyo hutoa kucha. Hao wafunge kwa taulo. Litandaze, mweke paka katikati, kunja upande mmoja upite chini ya kidevu na kuzunguka mabega, kisha upande wa pili juu yake, kama mama anavyomfunga mtoto kwa leso. Kichwa pekee kibaki nje. Miguu yote minne iwe ndani, kwa sababu mguu mmoja uliosahaulika unatosha kukuchana.

Usimnyanyue paka mkubwa kwa ngozi ya shingo. Wengi wetu tulilelewa tukiona hivyo, lakini humuumiza na kumzidishia hofu. Usimpigie kelele wala kumchapa. Akianza kuhema mdomo ukiwa wazi, akinguruma au akijinyonganyonga kwa nguvu zake zote, mwachilie. Pumzika kwa nusu saa na ujaribu tena. Tone moja lililochelewa kwa nusu saa si hasara kubwa kama jicho lililochomwa kwa ncha ya chupa.

Iwapo umeshindwa kwa siku nzima, rudi kwa daktari na umwambie ukweli. Watu wengi huona haya, hurejea baada ya wiki na kudai kwamba dawa haikufaa, kumbe haikuingia. Daktari anaweza kubadilisha matone kwa malai yanayotiwa mara chache, kukupa kola ya plastiki ya kumzuia paka asijikune, au kumlaza hapo kwake.

Wapo pia wanaoacha kwa huruma. Jicho likionekana safi siku ya tatu, husema paka amesumbuliwa vya kutosha. Wahenga walinena kuwa mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Maliza siku ulizoandikiwa, isipokuwa hali ikizidi kuwa mbaya. Ukope ukivimba au uso ukijaa baada ya dawa, usitie tena kabla ya kuuliza. Akianza kupumua kwa shida baada ya tone, hiyo ni dharura: mpeleke kwa daktari mara moja.

Jambo moja lisikutishe. Baada ya tone kuingia, paka wengine hutokwa na povu mdomoni. Kuna mfereji mwembamba unaotoka jichoni hadi puani, na dawa hupita humo ikafika kooni. Dawa nyingi ni chungu, na baadhi, kama atropini, ni chungu mno. Povu hilo huisha baada ya muda mfupi.

Dawa ikibaki baada ya matibabu, itupe. Chupa nyingi za macho hazifai kutumiwa zikishakuwa wazi kwa wiki nne. Iandike tarehe siku unapoifungua. Laiti ningefanya hivyo na yangu.

Ukiumwa au kuchanwa

Hapa narudi kwenye kazi yangu. Jino la paka ni jembamba na kali. Huingia ndani sana na kuacha tundu dogo linalofunga haraka, huku viini vikibaki chini karibu na mishipa na viungo. Ndiyo maana jeraha la paka linaloonekana dogo huoza upesi kuliko mchubuko mkubwa. Uvimbe na maumivu huweza kuanza kabla ya saa 24 kupita.

Ukiumwa, mwache paka na uende kwenye mfereji. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kwa saa. Tia dawa ya kuua viini kama unayo. Usilifunge kwa kubana, usilipake mafuta, wala usisubiri kesho. Fika hospitalini siku hiyo hiyo, hasa ukiumwa mkononi, usoni au karibu na kiungo, au kama una kisukari au kinga hafifu ya mwili. Utapewa antibiotiki zinazofaa, na ikibidi chanjo ya pepopunda.

Swali kubwa zaidi ni kuhusu kichaa cha mbwa. Jina lisikudanganye: ingawa karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa, paka pia huugua na huambukiza. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini sindano zikitolewa mapema, ugonjwa huzuiwa. Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu kufikia 2030, na mpango huo hautafanikiwa tukiendelea kujitibu kwa mafuta ya kujipaka. Mweleze daktari kama paka amechanjwa, kama hutoka nje usiku, na kama tabia yake imebadilika. Paka anayejulikana na anayeonekana mzima huchunguzwa kwa siku 10. Usimuue wala kumfukuza, maana afya yake katika siku hizo humwongoza daktari.

Paka wa yule mama hakuwa amechanjwa. Mama alianzishiwa sindano siku aliyofika, na paka akachunguzwa. Siku 10 zilipita akiwa mzima. Mkono umepona, ila kidole gumba bado hakijakunjika vizuri. Alipokuja kukaguliwa tulifungua mlango wa ofisi, tukachukua mto wa kiti badala ya paka, na nikamwonyesha jinsi ya kupiga magoti. Muuguzi alicheka sana. Juma lililofuata mama alinipigia simu kusema kwamba ametia matone mawili, moja kila jicho, bila hata mkwaruzo.

Na Kaniki? Zile mara 56 tulizimaliza. Mara ya kwanza ilichukua dakika 20, na za mwisho hazikufika dakika moja. Jicho la kushoto lilipona na linaona vizuri. Nikifika nyumbani jioni bado hunitazama kwanza kuhakikisha mikono yangu ni mitupu, na simlaumu. Binti yangu ndiye aliyemtia matone mengi kati ya hayo. Ana umri wa miaka 12, na mkono wake ni mwepesi kuliko wa babake daktari.